Ya kuzunguka, ya kuchagua, ya kudumu au ya asilimia 2: kadi ipi ya kurudishiwa pesa ikufae Marekani?

Kadi tatu za mkopo kwenye pochi ya mke wangu zimebandikwa vipande vya plasta. Kimoja kimeandikwa KUHEMEA kwa kalamu ya wino, cha pili SHELI, cha tatu MENGINE. Shemeji yangu alipoziona mara ya kwanza, tukiwa kwenye foleni ya supamaketi ya Kroger hapa Columbus, Ohio, alicheka hadi mtu wa mbele akageuka. Wiki mbili baadaye akaja nyumbani na bahasha nne za benki, zile zinazotupwa kwenye sanduku la barua bila mtu kuziomba, akazimwaga mezani.

"Shemeji, hii inasema asilimia 6, hii 5, hii 3, hii 2. Si nichukue tu ya 6?"

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kwa namna anavyonunua yeye, ile ya 6 ingemlipa kidogo kuliko ile ya 2. Tulikaa na risiti zake jioni nzima, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Wapo wenzetu wasiogusa kadi za mkopo kabisa kwa sababu ya riba. Sina nia ya kumshawishi mtu. Naandika kwa aliyekwisha kuamua kuwa nayo na sasa amekwama achukue ipi.

Fungu linahesabiwa wapi

Kadi ya kurudishiwa pesa inakurejeshea sehemu ya ulichotumia, kwa kawaida asilimia 1. Kwa baadhi ya matumizi inakupa zaidi: chakula cha nyumbani, mafuta ya gari, migahawa, duka la dawa. Hayo ndiyo mafungu ya ziada. Mchezo wenyewe si mpya. Kadi ya Discover ilipoingia sokoni mwaka 1986, ikiwa mali ya kampuni ya maduka ya Sears, ndiyo iliyowazoesha Wamarekani kurudishiwa pesa na kadi. Pesa hiyo hutoka hasa kwenye makato anayokatwa mwenye duka kila unapopitisha kadi.

Ambalo bahasha hazisemi kwa herufi kubwa ni kwamba benki haioni kilichomo kikapuni mwako. Inaona namba ya tarakimu nne ambayo mashine ya duka imesajiliwa nayo. 5411 ni supamaketi. 5541 na 5542 ni sheli. 5812 ni mgahawa, 5814 ni chakula cha haraka, 5912 ni duka la dawa, 5300 ni maduka ya uanachama kama Costco na Sam's Club. Mchele ukiununua kwenye duka la 5411, unahesabiwa chakula. Mchele uleule, gunia lilelile, ukiununua Costco, kwa kadi nyingi si chakula tena. Na sabuni, betri na kadi ya kumpongeza bibi harusi, vyote vikinunuliwa ndani ya 5411, vinageuka chakula.

Tuna duka letu Cleveland Avenue tunakopata unga wa muhogo, dagaa na nyama ya mbuzi. Kwa miezi sita nilipitisha pale kadi ya KUHEMEA nikijua nachuma. Siku niliyokaa na taarifa ya mwezi nikakuta kila risiti ya pale imepewa asilimia 1 tu. Nikamwuliza dada wa kaunta mashine yao imesajiliwa kama duka la namna gani.

"Kaka, mimi nauza unga. Hayo ya mashine muulize aliyeileta."

Hakukosea. Aina ya biashara hupangwa na kampuni inayoshughulikia malipo ya duka, na mwenye duka huenda hajawahi kuiona hiyo namba. Maduka yetu mengi madogo yamesajiliwa kama duka la bidhaa mchanganyiko, au bucha, au hata mgahawa ikiwa yalianza kwa kuuza sambusa. Kwa hiyo jaribu: nunua kitu kidogo, subiri muamala upite, kisha tazama kwenye programu ya benki umepewa asilimia ngapi.

Vipimo

Aina zote nne nimezipima kwa maswali yaleyale: nani anachagua fungu, kikomo kiko wapi, inakudai kazi gani, inakugharimu nini, inamfaa nani. Kadi ninazotaja ni mifano inayojulikana. Benki hubadilisha masharti, basi soma ukurasa wa masharti siku ile unayoomba.

1. Mafungu yanayozunguka

Mifano: Discover it Cash Back na Chase Freedom Flex.

*Nani anachagua.* Benki. Kila miezi mitatu inatangaza mafungu mapya yanayolipa asilimia 5. Robo hii inaweza kuwa sheli, inayofuata supamaketi, ijayo migahawa, na karibu na sikukuu mara nyingi hujitokeza Amazon. Freedom Flex ina nyongeza isiyobadilika: asilimia 3 kwenye migahawa na maduka ya dawa.

*Kikomo.* Dola 1,500 kwa robo, mafungu yote ya robo hiyo yakijumlishwa. Maana yake rejesho la juu kabisa la fungu ni dola 75 kwa robo. Ukipita hapo unarudi kwenye asilimia 1.

*Kazi.* Hapa ndipo zinapowashinda wengi. Ni lazima kila robo uingie kwenye programu ubonyeze kitufe cha kujiandikisha. Usipobonyeza, asilimia 5 haipo. Tena kuna tofauti ndogo yenye madhara makubwa: Chase ukijiandikisha kabla ya tarehe ya mwisho inakuhesabia tangu robo ilipoanza, ilhali Discover inahesabu kuanzia siku uliyojiandikisha. Nyumbani kwetu kuna mwaka tulisahau, robo nzima ya mafuta ikapita kwa asilimia 1, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Siku hizi tarehe 1 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba simu inalia.

*Gharama.* Hazina ada ya mwaka. Freedom Flex inakata asilimia 3 ukiitumia nje ya Marekani. Discover haikati, ila huko nyumbani Afrika Mashariki si kila mashine itaipokea. Discover ina tamu yake: mwisho wa mwaka wa kwanza inakurudishia mara mbili yote uliyochuma.

*Inamfaa* mtu anayependa kufuatilia, asiyeona tabu kubadilisha kadi kila msimu. Mwenye zamu mbili za kazi na watoto watatu ataona ni kazi ya tatu.

2. Unachagua mwenyewe

Mifano: Citi Custom Cash, Bank of America Customized Cash Rewards, U.S. Bank Cash+.

*Nani anachagua.* Wewe, lakini kwa njia tofauti. Custom Cash haikuulizi kitu. Kila kipindi cha bili inatazama ni fungu gani umetumia zaidi kati ya yale yaliyo kwenye orodha yake (supamaketi, sheli, migahawa, duka la dawa, vifaa vya ujenzi na mengineyo) na hilo ndilo linalolipwa asilimia 5. Ile ya Bank of America unachagua fungu moja la asilimia 3, mfano mafuta, migahawa au manunuzi ya mtandaoni, na unaweza kulibadili mara moja kwa mwezi. Juu yake inatoa asilimia 2 supamaketi pamoja na maduka ya uanachama. Cash+ unachagua mafungu mawili ya asilimia 5, na orodha yake ina jambo adimu: bili za umeme na gesi.

*Kikomo.* Custom Cash dola 500 kwa kipindi cha bili, yaani rejesho la dola 25. Bank of America dola 2,500 kwa robo, fungu lako na supamaketi vikijumlishwa. Cash+ dola 2,000 kwa robo kwa mafungu yote mawili.

*Kazi.* Custom Cash haina kazi ila nidhamu. Ukiitumia kila mahali, mwezi ambao umekula nje kuliko ulivyohemea, fungu linahama bila kukuuliza. Ndiyo maana ya plasta: kadi ya KUHEMEA haiendi sheli, haiendi mgahawani. Bank of America unachagua mara moja na kusahau. Cash+ inataka uchague upya kila robo, na ukisahau unabaki na asilimia 1.

*Gharama.* Zote tatu hazina ada ya mwaka, na kwa kawaida zinakata karibu asilimia 3 nje ya nchi.

*Inamfaa* mwenye fungu moja linalomla kuliko mengine. Dereva wa teksi au wa kupeleka vyakula, ambaye mafuta ndiyo jembe lake, hapa ndipo pa kuanzia kutazama.

3. Mafungu ya kudumu

Mifano: Blue Cash Preferred na Blue Cash Everyday za American Express, na Capital One Savor.

*Nani anachagua.* Benki, lakini imechagua mara moja na haigeuki. Blue Cash Preferred inatoa asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani na kwenye baadhi ya huduma za filamu na muziki mtandaoni, asilimia 3 kwenye sheli na usafiri wa basi, treni na teksi. Ndugu yake Everyday inatoa 3 supamaketi, 3 sheli, 3 maduka ya mtandaoni. Savor inatoa 3 supamaketi, migahawa, burudani na huduma za filamu mtandaoni.

*Kikomo.* Preferred: dola 6,000 za supamaketi kwa mwaka. Everyday: dola 6,000 kwa mwaka kwa kila fungu. Savor haina kikomo.

*Kazi.* Hakuna kitufe cha kubonyeza. Kazi iliyopo ni kujua duka lako linahesabika au la. Kwa kadi hizi Walmart na Target si supamaketi, hata kama unakwenda kununua maziwa tu. Costco ndiyo kabisa: maduka yao ya Marekani, kwa upande wa kadi za mkopo, tangu mwaka 2016 yanapokea Visa peke yake, kwa hiyo Amex (American Express) hata mlango haivuki.

*Gharama.* Preferred ni dola 95 kwa mwaka, ingawa mara nyingi mwaka wa kwanza husamehewa. Everyday na Savor hazina ada. Amex inakata asilimia 2.7 nje ya nchi. Savor haikati chochote.

Hesabu ya ada si ngumu. Preferred inaizidi Everyday kwa asilimia 3 supamaketi. Gawanya 95 kwa 0.03, unapata takriban dola 3,170 kwa mwaka, au dola 61 kwa wiki. Chini ya hapo, ukitazama supamaketi peke yake, ada inakula faida yote.

*Inamfaa* familia inayojaza toroli kila wiki kwenye supamaketi yenyewe hasa, Kroger, Publix, H-E-B na wenzao. Savor ni ya mtu wa kula nje.

4. Asilimia 2 kwa kila kitu

Mifano: Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash.

Hapa maneno ni machache kwa sababu mambo yenyewe ni machache. Hakuna anayechagua fungu kwa kuwa fungu halipo. Kikomo hakuna. Kazi hakuna, isipokuwa kwamba Double Cash inakupa 1 unaponunua na 1 unapolipa bili. Ada ya mwaka hakuna. Nje ya nchi zinakata asilimia 3. Duka la Cleveland Avenue, Walmart, fundi gari, karo ya chuo, daktari wa meno, vyote ni 2. Inamfaa asiyetaka kufikiri mbele ya kaunta, na anayenunua sana kwenye maduka ambayo namba zake hazieleweki.

Watu huidharau kwa kuwa 2 ni ndogo kuliko 5. Sisi tuliifanya rula ya kuzipimia nyingine.

Hesabu ya mezani

Tuchukue nyumba inayotumia dola 500 kwa mwezi kuhemea, 200 mafuta, 100 migahawa na 700 mengineyo. Kwa mwaka ni dola 18,000. Kila kadi ikitumika peke yake, na kuhemea kote kukiwa supamaketi inayohesabika, mwaka mmoja unaleta hivi:

Blue Cash Preferred: dola 528, ukitoa ada zinabaki 433.
Custom Cash: 420.
Asilimia 2: 360.
Blue Cash Everyday: 348.
Savor: 324.
Bank of America, fungu likiwa mafuta: 288.
Discover, mwaka ambao robo moja ilikuwa supamaketi, moja mafuta, moja migahawa, na moja haikukufaa kitu: 276. Kama ni mwaka wa kwanza, mara mbili, 552.

Sasa tuhamie kwa shemeji. Risiti zake zilionyesha nusu ya chakula chake kinatoka Walmart na duka letu la Cleveland Avenue. Badilisha hapo tu. Blue Cash Preferred inashuka hadi dola 378, ukitoa ada zinabaki 283. Custom Cash inashuka hadi 300. Asilimia 2 inabaki palepale, 360. Alinyamaza kidogo, kisha akaichana ile bahasha ya asilimia 6 vipande vinne.

Kadi mbili zikishirikiana mambo yanabadilika tena. Custom Cash ya kuhemea tu, na asilimia 2 kwa mengine yote, inaleta dola 540 kwa nyumba ya kwanza, na 450 kwa shemeji. Hiyo ndiyo siri ya plasta, na sioni haja ya kuongeza kadi ya nne au ya tano. Nimeona watu wenye kadi tisa wakisahau tarehe ya kulipa moja.

Yanayokula rejesho

La kwanza ni deni. Riba ya kadi za mkopo Marekani kwa wastani imepita asilimia 20. Deni la dola 1,500 likikaa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 24 linazaa takriban dola 360. Rudi juu uitazame namba hiyo: ndiyo rejesho lote la mwaka la kadi ya asilimia 2.

La pili linatuhusu sisi zaidi: kutuma pesa nyumbani. Ukilipia kwa kadi ya mkopo kwenye programu za kutuma pesa, benki nyingi huhesabu kama umetoa taslimu kwa mkopo. Hupati rejesho, unakatwa ada ambayo mara nyingi ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa, na riba inaanza siku hiyohiyo bila muda wa msamaha. Pesa ya mama itoke kwenye akaunti ya benki au kadi ya kawaida ya benki, isiyo ya mkopo (debit).

La tatu ni maduka yanayoongeza asilimia 3 kwa anayelipa na kadi. Hapo rejesho lako la 3 umeshalilipia mwenyewe, basi toa noti. Mwenye duka pia anaruhusiwa kisheria, tangu 2010, kuweka kima cha chini cha hadi dola 10 kwa kadi za mkopo, kwa hiyo usigombane naye kwa chapati mbili.

Kwa hali yako

Kama mwezi uliopita hukumaliza bili yote, usitazame mafungu kabisa. Tazama riba, na umalize deni kwanza.

Kama chakula chako kinatoka supamaketi ya kawaida kwa zaidi ya dola 61 kwa wiki na una kadi ya Visa pembeni kwa ajili ya Costco, Preferred ina hoja. Chini ya hapo, Everyday au Custom Cash.

Kama unanunua Walmart, Costco na kwenye maduka yetu, anza na asilimia 2; iwe Visa ili Costco ikupokee. Ile ya Bank of America nayo ifikirie, kwa kuwa 2 yake inayahesabu maduka ya uanachama na fungu la 3 unaweza kuliweka kwenye mafuta.

Kama unaendesha gari kutwa, Custom Cash kwa sheli peke yake. Lipia kwenye pampu. Ukiingia ndani ukachukua soda na mafuta kwa risiti moja, kuna vituo ambavyo mashine ya ndani imesajiliwa kwa namba nyingine.

Kama unapenda kufuatilia na ndiyo kadi yako ya kwanza nzuri, Discover kwa mwaka mmoja, uchume mara mbili, kisha uamue upya.

Kama unakwenda nyumbani Desemba, beba isiyokata makato ya nje. Savor itakupa 3 mgahawani Mombasa au Dar kama itakavyokupa Columbus. Ile 6 ya Amex haitajali toroli lako la Naivas, kwa kuwa masharti yake yanasema supamaketi za Marekani.

Kama umefika juzi na hujajenga historia ya mkopo, bahasha hizi bado hazikuhusu. Omba kadi ya amana, ambayo unaweka dola 200 au zaidi kama dhamana. Discover it Secured inatoa asilimia 2 kwenye sheli na migahawa hadi dola 1,000 kwa robo, na 1 kwingine. Ipitishe sheli tu, lipa yote kila mwezi. Shemeji ndivyo alivyoanza, na juzi nilimkuta kaunta ya Kroger akihangaika na kipande cha plasta kilichobanduka.